Baiskeli Isiyo na Keria

Jumamosi nilisimama kwenye kibanda cha kukodisha baiskeli, kando ya msitu nje ya Arua, ambako vijana siku hizi hupanda vilima kwa raha zao tu. Mama mmoja wa Koboko, aliyekuja kumtazama bintiye akiendesha, alipapasa nyuma ya kiti cha baiskeli moja.

“Keria iko wapi?”

“Hakuna, mama,” mwenye kibanda akamjibu. “Hii iko ya mutu moja.”

“Marehemu bwana yangu alibeba mimi kwa keria mpaka Aroi, siku ya kuolewa. Kwa mulima, mimi nashuka, nasukuma. Sasa hapa nani nasukuma?”

Kilimani bintiye alikuwa amekwama, anahema. Mama akanyoosha mikono yote miwili, akausukuma upepo taratibu.

Mafundi wameondoa mzigo ili baiskeli iwe nyepesi. Kumbe mzigo wenyewe ndio uliokuwa ukisukuma.