Ndugu Yangu na Ngamia Aliyekataa Kukamuliwa

Kuchekesha mtu ni kazi nzito. Mimi nimevuta maji kwa visima vya Wajir, vile virefu, unatupa jiwe asubuhi, unaenda kunywa chai, unarudi ndio unasikia limefika. Hiyo kazi haikunimaliza. Lakini mwaka ule wa ukame, miaka ya tisini huko, ndugu yangu alinichosha mpaka mifupa, na alikuwa amekaa tu.

Huyu ni kaka yangu mkubwa. Alikuwa na ngamia kule Griftu, wengi, yaani wa kwanza akinywa maji Jumatatu, wa mwisho anafikiwa Alhamisi. Ukame ukawamaliza wote. Akakuja kwangu Garissa juu ya lori ya mbuzi, akatusalimia vizuri, akakaa kwa mkeka kando ya ukuta, na hapo ndio akabaki. Homa hana. Daktari alimpima akasema huyu mzee ni mzima. Sheikh akamsomea. Chakula anakula vijiko vitatu, anasema "Alhamdulillah", anageukia ukuta. Wiki saba. Alikonda mpaka kivuli chake kikawa kinene kuliko yeye.

Mimi kwa soko la mifugo najulikana kwa mdomo. Nikasema dawa yake ni kucheka. Kila siku nikirudi namletea hadithi. Nikamwambia kiboko ametoka Tana akaingia dukani kununua sukari, akagombana na mwenye duka juu ya mizani. Aliniangalia kama mtu anangojea lori ya mtu mwingine ipite.

Bibi yangu akaniambia, "Baba watoto, huyu unamchosha. Ukifungua mdomo anafunga macho."

"Nikinyamaza, nani atamwamsha?"

"Wewe mwenyewe ukisema unacheka peke yako. Unamchekesha yeye au unajichekesha?"

Nilienda chooni nikakaa huko saa nzima, na sikuwa na haja. Nilitaka tu mahali hakuna mtu wa kufurahisha.

Basi siku moja sokoni nikaona ngamia jike, kiwele kama gunia la mahindi, na bei rahisi. Ndama wake alikuwa amekufa njiani. Nikasema, maziwa ya ngamia kaka hatakataa, amekulia hayo. Nikanunua mbio mbio, mwenye ngamia akapanda gari akaenda zake Takaba.

Nyumbani ngamia akakataa. Ukimshika kiwele anapiga teke, halafu analia. Siku mbili analia, kiwele kinazidi kujaa, kigumu kama jiwe. Ataharibika, pengine afe, na kaka yangu amelala pale anasikia kila kitu.

Asubuhi ya tatu sauti ikatoka kwa mkeka.

"Walaal, ndugu yangu, ngozi ya ndama iko wapi?"

Nikashtuka. Kwetu hata mtoto anajua: ndama akifa, ngozi yake unaiweka. Mama akinusa anaona mtoto yuko, anaachilia maziwa. Ukinunua mama, unapewa na ngozi.

"Sikuuliza," nikasema.

"Umenunua ngamia hujauliza ngozi."

"Nilikuwa na haraka."

"Mji umekuharibu. Umekuwa kama mtu wa kuuza soda."

Nikatafuta neno la kuchekesha, sikupata hata moja. Yeye akashika ukuta, akasimama. Akaenda kwa ngamia, na kiwele hakukigusa kwanza. Akasimama kando ya shingo, akaanza kuimba ule wimbo wa kunywesha ngamia kisimani, chini chini, sauti imepasuka. Halafu akavua shuka yake. Ile shuka alilala nayo kati ya ndama wake mpaka yule wa mwisho akafa, na harufu yao bado iko ndani. Akamwekea puani.

Ngamia akanusa. Akanusa tena. Akanyamaza.

Kaka akasimama mguu mmoja vile tunakamua, bakuli juu ya goti. Mimi nikamshika mgongo asianguke, mgongo wote mifupa. Maziwa yakatoka kidogo, halafu yakatoka sana. Na yeye machozi yanatiririka, hata hapangusi.

"Wangu walikufa wananiangalia," akasema. "Wananiangalia mimi, ati niwaambie twende wapi. Sikujua niwaambie nini."

Akakunywa bakuli yote.

Sisemi alipona. Siku iliyofuata alilala kwa mkeka mpaka adhuhuri, ameangalia ukuta kama kawaida. Lakini ngamia alipolia aliamka, na jioni pia akaamka, kwa sababu hakuna mwingine angekubaliwa. Siku ya nne ya kukamua, mikono bado kwa kiwele, akaniuliza bila kugeuka, "Upande wa Kotile kuna majani ya kumpeleka huyu?"

Nikamwambia yapo, yanafika magoti. Habari ya Kotile sikuwa nimesikia tangu mwaka uliopita. Nilikuwa nimechoka sana, hata nguvu ya kumwambia sijui sikuwa nayo.