Bibi Pumzi

Asubuhi ile mzee alimruka mkewe kama kawaida. Chumba kilikuwa kimoja, na kila kulipokucha mkewe alitandika mkeka kati ya kitanda na kabati, akanyoosha miguu, akafumba macho. Mzee akitaka birika, sharti aivuke miguu hiyo.

"Utanikanyaga siku moja," mkewe alisema, macho bado yamefumbwa.

"Hamia barabarani, huko kuna nafasi."

"Keti basi, dakika mbili tu."

"Viatu vya watu vinaningoja."

Ndivyo alivyokuwa fundi viatu huyo: hakai, hatulii, kama aliyeingiwa na siafu. Akatoka. Saa nane mchana watu walimfuata kibandani wakamwambia mkewe ameanguka ukumbini, kazini kwake. Alipofika, walikwisha kumfunika.

Mkewe alifundisha yoga pale ukumbini, ingawa hakusomea ualimu. Alikuwa mfagiaji wa ukumbi wa michezo. Miaka sita alipiga deki huku mwalimu wa yoga akifundisha. Jicho moja kwenye ndoo, jicho moja kwenye mikeka. Mwalimu alipohama, wasichana wakimbiaji walimkuta mfagiaji amesimama kwa mguu mmoja, fagio mkononi, ametulia tuli. Wakacheka. Wakajaribu wenyewe, wakaanguka mmoja mmoja. Tangu hapo wakamwita Bibi Pumzi. Aliwafundisha kujinyoosha, na kuvuta pumzi kabla ya mlio wa bastola ya kuanzia mbio, maana wengine hofu iliwashinda kabla hawajapiga hatua. Kocha wao akampa saa moja kila Jumatano, shingo upande.

Wiki mbili baada ya maziko mzee alikuwa anafagia chumba mara nne kwa siku. Kukaa hawezi, kulala hawezi. Jumatatu nahodha wa wasichana akabisha hodi, kocha nyuma yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Viatu gani tena?"

"Si viatu. Jumamosi tuna mashindano, na kocha anataka saa ya Bibi iwe ya kukimbia mlimani."

"Mzee wangu," kocha alisema, "hakuna wa kuwahesabia pumzi. Niwalaze mikekani wakorome?"

"Babu anajua," msichana akadakia. "Bibi alituambia nyumbani anahesabiwa na yeye."

Kweli tupu. Aliyeshika pumzi hawezi kuhesabu kwa sauti, kwa hiyo kila jioni mzee alimhesabia, akizunguka chumbani. Sasa akatazama mlango. Akikataa, saa ya mkewe inazikwa naye.

"Jumatano," alisema.

Jumatano wasichana kumi na mmoja walilala chali ukumbini. Nahodha akamtandikia mkeka. Mzee akaukwepa, akaanza kuzunguka kando ya ukuta.

"Vuta! Moja-mbili-tatu-nne! Shika! Toa! Haya, vuta!"

Alihesabu kama dalali mnadani. Wasichana wakahema kama mbwa waliotoka kuwinda. Mmoja akapaliwa.

"Babu, mbio ni Jumamosi, si leo!"

Kicheko kikalipuka. Kocha, pale mlangoni, akatazama saa yake. "Mzee wangu, tupande mlima?"

Miguu ya mzee ilitaka kutoka. Ilikwisha kugeuka. Akailazimisha kurudi, akaketi kwenye mkeka mtupu, magoti yakilia.

"Vuta," alisema. "Moja." Akangoja. "Mbili." Kwenye tatu ulimi ulitaka kukimbia. Hakuuachia. Alipofika mwisho alianza tena, na tena, mpaka ukumbi mzima ukapanda na kushuka kama kifua kimoja.

Kocha alikuwa amevua kofia. "Jumatano ijayo, saa ile ile," akasema, akaenda zake.

Wakikunja mikeka, nahodha akauliza, "Babu, nyumbani ulipomhesabia mbio kama ulivyoanza leo, Bibi alikuwa anasemaje?"

Mzee akaukunja mkeka wake.

"Alisema: 'Wewe mtu, hizo ni pumzi zangu, si misumari. Hesabu polepole, hakuna anayetufukuza.'"