Wifi Kachukua Jina, Daftari Ninalo Mimi

Admin, nakuomba unifiche, na majina ya humu nimeyabadilisha kwa sababu Tabora mjini tunajuana. Wakubwa shikamooni. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, nimeachika, nina watoto wawili, na kwa sasa roho yangu si nzuri hata kidogo. Nawaambia mapema ili mkifika mwisho msinishangae.

Kwetu ni Goweko, wakulima wa tumbaku. Niliolewa mjini kwenye familia ya Kiarabu, na mama mkwe wangu, nimwite Bi Zuhura, alikuwa mpaka hina anayegombaniwa na maharusi. Binti yake wa kumzaa, yaani wifi yangu, kazi ile aliikataa, eti inaharibu kucha. Nikakaa nayo mimi. Bi Zuhura alinifundisha kama mwanawe, akiniambia, "Vidole vilivyozoea kuchambua majani ya tumbaku haviwezi kushindwa na hina, mwanangu." Alipofariki nikaendelea kwa jina lake, Hina ya Bi Zuhura. Ukurasa wa mtandaoni nilifungua mimi, wateja wa mpaka Kigoma na Mwanza niliwatafuta mimi, magoti yameniuma mimi. Miaka tisa!

Mwaka huu mume wangu akanipa talaka. Nikiwa bado kwenye eda, wifi akanifuata chumbani. "Jina la mama yetu halikai kwa mtu baki," akasema. "Mtoto wa tumbaku wewe, hina ungeijulia wapi kama si kwetu?" Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, anaangalia viatu vyake. Nikamwuliza, "Na wewe unasemaje?" Akajibu, "Mama Saidi, muachie tu dada yangu, yaishe."

Nikaacha. Nilitoa laini ya simu, nywila ya ukurasa, kibao cha nje, hata bakuli la kuchanganyia. Kitu kimoja sikutoa, na hapa ndipo ninapoungama. Kuna daftari la Bi Zuhura. Wanawake mnajua, piko ile nyeusi ngozi nyingine haiitaki, inatoa malengelenge mtu asahau harusi yake. Ndiyo maana Bi Zuhura kila mteja mpya alimwekea nukta ya piko nyuma ya sikio, akasubiri siku mbili aone ngozi inasemaje, kisha akaandika daftarini. Wifi hata hajui kama lipo, kwa sababu hakuwahi kukaa kwenye mkeka ule. Nililifunga tumboni kwa kanga nikatoka nalo. Sikusahau kulitoa, nilikusudia. Nilisema moyoni, jina chukua, tuone litakufikisha wapi.

Wifi sasa haweki nukta kwa mtu, anasema ni ushamba. Piko anaimwaga kama wino. Mimi kila siku nachungulia ukurasa nikisubiri aumbuke, na sioni haya kuwaambia. Nataka alie. Nataka mama wa bibi harusi mmoja amshike shungi mbele za watu amwulize hina ameijulia wapi.

Basi Jumapili nikamwona pale ukurasani bibi harusi mwenyewe. Ni binti wa Chemchem, nimwite Salma. Alipokuwa darasa la pili tulimpaka ua moja la piko sikukuu ya Idi, nukta tukairuka kwa wingi wa watu, mkono ukavimba wote, homa juu. Tangu siku ile hina yake tuliichanganya kando, majani matupu na ndimu. Nimefungua daftari, mwandiko wa Bi Zuhura huu hapa: "Salma piko usimguse. Mwambie hina nyekundu ndiyo inayompendeza, mtoto asijione ana kasoro." Na ndivyo tulivyomwambia miaka yote. Yule mtoto anajua anapenda nyekundu. Sababu haijui, na mama yake aliyeijua alishatangulia mbele ya haki.

Kwenda kwao ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Nimevaa baibui mara mbili, nimevua mara mbili. Nikisema, wifi anaokoka, na ataendelea kula jasho langu huku akiniita mtu baki. Nikinyamaza, anaanguka kama ninavyoomba kila siku, lakini litakalotukanwa mjini ni jina la Bi Zuhura, mtu pekee katika nyumba ile aliyewahi kuniita mwanangu. Na mikono ni ya Salma.

Harusi ni Ijumaa, hina wanapaka kesho Alhamisi baada ya alasiri. Salma hajui kwamba nimeondoka. Ameandika pale ukurasani, "Mama hina wangu, kesho nakusubiri, nifanyie kama siku zote." Aliyekuwa anaambiwa ni mimi. Wifi akajibu kana kwamba yeye ndiye mimi, "Usijali kipenzi, mikono yako naijua."

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Wa kuniambia nimsamehe wifi apite tu. Niambieni habari ya Salma, maana baibui nimelivaa mara ya tatu.