Maji ya Sabuni Kwenye Breki

Jumamosi, manyunyu tangu asubuhi. Nimefua, na harufu ya sabuni ya mche imenirudisha uani kwetu, Murukulazo. Oili ya breki ya Landrova yetu kuukuu ilikuwa imevuja, baba akajazia maji ya sabuni. Simlaumu, madereva wengi walifanya hivyo.

"Baba watoto, unatengeneza gari au unafua?" mama alimtania.

"Itanifikisha Nyakanazi." Akaniambia mimi, "Kanyaga breki. Imekaza?"

Ilizama taratibu mpaka chini. Lakini alikuwa ameniahidi kuniletea mkate wa dukani kutoka Nyakanazi.

"Imekaza, baba."

Labda angeondoka hata ningesema kweli, sijui. Akashika mteremko, mvua ikinyesha.

Jioni tulikula ugali na maharage. Mama alikifunika chakula cha baba, na asubuhi kilikuwa bado kimefunikwa.