Ukurasa Uliokataa Kufunguka Shari

Mimi shule iliniacha darasa la tatu primere, na sioni haya. Nilianza na baiskeli, chumvi na sabuni, Bunia mpaka Irumu, na leo nyumba yangu ya Shari, hapa Bunia, iko na antene ya setilaiti juu ya manjanja, mabati ya paa. Antene hiyo niliinunua mimi mwenyewe. Kwa hiyo siku ile ukurasa wa chuo ulipokataa kufunguka, sikutaka mtu mwingine aguse mashine yangu.

Binti yangu wa mwisho alikuwa anajiandikisha kusomea uuguzi kule Kisangani. Kujiandikisha kulikuwa kwa mtandao tu, na mlango ulikuwa unafungwa jioni ile. Ukikosa, unangoja mwaka mzima. Dada yake mkubwa tulimwambia angoje mwaka kesho, wakati tungali Aveba. Akangoja, vita ikakuja. Sasa anauza mihogo, na neno shule halimtoki tena mdomoni.

Ujumbe mfupi wa mtandaoni ulikuwa unaingia kupitia antene, ukurasa hapana. Kioo cha kompyuta kiliandika kwa Kifaransa kwamba ukurasa umechelewa mno kujibu. Binti akasema labda chuo ndicho kimeharibikiwa. Nikamwambia aandikie mwenzake wa Kisangani. Akajibiwa kwamba kule ukurasa unafunguka vizuri. Basi ugonjwa ulikuwa kwangu.

Nilitafuta kama ninavyotafuta ugonjwa wa pikipiki, toka tanki mpaka bujia, ile plagi ya kuwasha moto. Nilizima modemu, nikangoja ipoe, nikawasha. Nikaondoa simu zote kwenye mtandao wa nyumba. Nikachomeka kable moja kwa moja kwenye kompyuta. Kila mara ukurasa ulionyesha kichwa chake cha buluu, halafu ukafia hapo. Nikajaribu kupitia mtandao wa simu, na simu haikuwa na hata mstari mmoja. Hapa kwetu simu zikinyamaza zote, watu hawaendi kuuliza kampuni, wanafunga mizigo.

Mama watoto alikuwa barazani anachambua maharage. Siku nyingine angenicheka. Siku ile hakuinua macho. Nikamuuliza nani amegusa kable zangu. Akajibu kwamba kable hakuna aliyegusa.

"Basi nini?"

"Muzee, acha hiyo mambo. Mutoto atasoma mwaka kesho."

"Weye umefanya nini?"

"Nimefunika antene na bashi. Jana watu tusiowajua walipita, wakauliza nyumba zenye antene ni za nani. Siye tulitoka Aveba na nguo za mwilini. Umesahau?"

Nilimwambia ni mupumbavu. Ila mimi mwenyewe pia, habari mbaya ikisikika, ninavua saa ya mkononi na kupaka pikipiki matope isionekane mpya. Kila mtu hapa anajua kuficha kinachong'aa, waporaji wasikione. Lakini bashi ile, turubai letu la mvua, ilikuwa nzito, imejaa maji ya mvua ya asubuhi. Ujumbe mdogo ulikuwa unapenya kwa shida. Ukurasa mzito haukuweza.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Mama, dada naye mulimwambia mwaka kesho."

Mama yake aliweka ungo chini, akaenda kuleta ngazi, akaishika yeye mwenyewe.

Nikapanda. Nilipovuta bashi, maji yakanimwagikia miguuni, na ndipo nikaangalia manjanja ya majirani. Antene zote za avenyu yetu zilikuwa zimefunikwa. Moja kwa blanketi, moja kwa gunia, nyingine kwa beseni la kufulia. Wote walikuwa wanajua kitu, na hakuna aliyekuja kuniambia. Ilikuwa saa ya wanafunzi kurudi nyumbani, lakini barabarani hapakuwa na yunifomu hata moja, wala motari mmoja wa kubeba abiria kwa pikipiki.

"Papa, iko inafunguka," binti akasema kutoka ndani.

Nikamwambia aandike haraka. Akajaza jina, akajaza shule, akasema picha ya diplome inapanda polepole. Mwisho wa avenyu watu watatu nisiowajua walikuwa wamesimama, wanaangalia juu. Antene yangu ndiyo ilikuwa wazi, nyeupe peke yake.

"Unaona mutu?" mama yake akauliza.

Nikamwambia ashike ngazi vizuri.

Nilikaa pale juu, bashi mikononi, mpaka binti akasema imeenda, chuo kimejibu. Ndipo nikafunika. Lakini wale watu walikuwa wamekwisha kuanza kutembea kuja upande wetu.