Suruali za Mwalimu wa Hesabu

Katika mtaa ule hakuna aliyemfikia fundi wetu kwa kushona, na mtu mmoja tu ndiye aliyeamini kwamba hajui kazi. Kosa ni la fundi mwenyewe, wala simtetei.

Mwalimu wa hesabu alipoleta suruali ipunguzwe urefu mara ya kwanza, alimwambia, "Asante, dada, umeniokoa." Basi. Fundi akalala na maneno hayo, akaamka nayo. Tangu hapo kila suruali ya mwalimu aliipinda bila kufunga fundo mwisho wa uzi, ili baada ya wiki mbili upindo ufumuke na mwenyewe arudi. Naye alirudi, miaka sita. Kila akirudi fundi alipata la kujipa moyo: leo kakaa kidogo, leo kacheka. Asipokuja, chakula hakikushuka.

Shangazi yake, aliyemfundisha kazi, alimuuliza siku moja, "Huyo mwalimu amekutamkia nini hasa?"

"Hajatamka, shangazi. Lakini anavyoniangalia..."

"Hata mbuzi wa jirani anakuangalia. Seremala kakuposa kwa mdomo wake, umemkataa. Haya, kaa uolewe na suruali."

Fundi alinuna wiki nzima. Seremala akaoa kwingine.

Asubuhi moja mwalimu alikuja na suruali ya kijivu, upindo unaning'inia, akasema anaoa mwezi ujao. Fundi akaishia kuuliza suti ya harusi inashonwa na nani.

"Fundi wa barabara ya juu," mwalimu alisema, kisha akaona haya. "Usinielewe vibaya, dada. Hizi za kazini nitaendelea kukuletea. Kusema kweli mishono yako haishiki, lakini nikiacha mimi, nani atakuletea kazi? Nakuonea huruma."

Miaka sita, kumbe huruma. Ukweli ulimfika fundi kwenye ncha ya ulimi. Angeutoa, angejirudishia sifa ya ufundi wake, lakini mwalimu angejua yote, na hilo lilimtisha kuliko kuitwa mbumbumbu wa kazi.

"Nisamehe, mwalimu," alisema. "Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Mwalimu alimshauri aende akapimwe, akaacha suruali mezani, akaenda kufundisha.