Kitufe cha USB kilichomuulizia bwana wa mtu

Jamani, leo adabu imetuponza.

Mamangu anashona mabuibui hapa nyumbani, Kuze, na maagizo huyapokea kwenye kompyuta. Kwake, kumjibu mteja bila salamu kamili ni aibu. Ila kuziandika kutwa, vidole vinamuuma.

Nikamtengenezea kibao cha USB, kidogo kama kokwa ya tende, chenye kitufe kimoja. Ukikichomeka, kompyuta inadhani ni kibodi. Ukibonyeza, salamu zajiandika na kujituma zenyewe.

Wallahi nilijiona injinia.

Asubuhi mteja kaandika: "Buibui la harusi ya wifi silitaki tena. Bwana nimemfukuza jana."

Mama, miwani hana, kabonyeza.

"Asalaam aleikum mwanangu, hujambo? Watoto hawajambo? Na bwana naye, hajambo? Mpe salamu zetu nyingi!"

Nikakichomoa mbio, kana kwamba salamu zingerudi!

Jibu likaja: "Hajambo. Yuko kwa mamake, Makupa. Mpelekeeni wenyewe."

Mama kavaa miwani, kasoma, kanigeukia.

"Umekifunza kusalimia. Kusoma je?"

Sasa nisaidieni, huyu dada tumjibu nini? Mama hataki hata kuiona kompyuta, na kidude changu kinajua kuulizia bwana tu.